Darsa la Amana

Siku niliyorudisha funguo za kliniki ya shule, nesi kijana aliyechukua nafasi yangu aliniuliza, "Sista, kama ungekuwa na neno moja tu la kuniachia, lingekuwa lipi?" Nikamwambia kila Alhamisi kabla hajafunga aangalie mlango wa friji, maana haushiki vizuri, na barafu ikiyeyuka wikiendi maji yote yanakwenda chini ya kabati la bandeji. Akacheka, akidhani namtania. Sikuwa namtania hata kidogo. Ila nilipokuwa nafunga mizigo yangu Karama, kule Dubai, nikaona yapo na mengine ya kumwambia, yasiyohusu friji.

Haya nayaandika nikiwa nyumbani Tanga, miguu nimeipandisha juu ya kigoda, hakuna kengele ya kunikatiza. Nawaandikia nyie mliobaki na vipimajoto. Ya vyeo na mishahara sitayagusa, yaliyokuwa ya kusema yanakwisha kabla chai haijapoa. Nitaeleza kazi tu. Majina ya watu nimeyabadilisha yote, isipokuwa langu, na mimi naitwa Tatu.

Nilianza pale shuleni mwanzoni mwa miaka ya elfu mbili na kumi. Ilikuwa shule ya watoto wa wageni: Wahindi, Wapakistani, Wafilipino, Waarabu wa kila upande, na Waswahili wachache wetu. Siku yangu ya kwanza ilikuwa Jumapili, kwa sababu huko wakati ule wiki ilianza Jumapili na kwisha Alhamisi. Nilikuwa nimejiandaa kwa pumu, kwa mikono iliyovunjika, kwa degedege. Kabla ya mapumziko ya kwanza, watoto walikuwa wamepanga foleni mlangoni, kila mmoja kashika tumbo.

Mkuu wangu alikuwa nesi wa Kerala, nitamwita Sista Annamma. Alikuwa mwanamke mfupi, miwani yake imefungwa kamba, na alikuwa anatembea haraka hata pasipo na pa kwenda. "Matumbo ya Jumapili," alinieleza. "Wengi hawajamaliza hesabu za mwalimu. Wengine hawajapata choo. Lakini mmoja kati yao ana jambo la nyumbani, na huyo hatakwambia. Kazi yako ni kumjua."

Nikamwuliza nitamjuaje. Alimwita mtoto mmoja mwenye mchubuko wa jana kwenye goti, mchubuko ambao ulikuwa umeshakauka, akaanza kuusafisha upya. Akachukua pamba, akaikata taratibu, akailowesha, akaipangusa pembeni ya goti kana kwamba anapaka rangi mlango wa mfalme. Macho yake hayakutoka gotini. Baada ya muda mtoto akaanza kuongea mwenyewe: paka, mdogo wake, baba na mama wanaopigiana kelele. Sista Annamma akawa anaitikia "mm," "mm," huku anakata plasta.

Alipoondoka yule mtoto akaniambia, "Ukimtazama usoni na kumwuliza, atafunga mdomo. Mpe goti ulishughulikie, na mdomo mwache huru." Nimesoma kozi nyingi tangu hapo, na vyeti vyake nimevipanga kwenye bahasha. Hakuna kozi iliyonifaa kuliko lile goti.

Suala la kuwafundisha watoto wajilinde na watu wabaya tulilikuta limeshaanza, kwa jinsi lilivyoanza. Ukutani kwa kliniki kulikuwa na bango kubwa la Kiingereza: usiongee na mtu usiyemjua, usipokee pipi kwa mtu usiyemjua, usipande gari la mtu usiyemjua. Kila muhula tuliwakusanya watoto wadogo, tukalisoma wote kwa sauti, tukaamini tumemaliza. Mwaka mmoja nikapata wazo la kuwapa karatasi wamchore huyo mtu wasiyemjua. Wakamchora. Alikuwa na kofia nyeusi, meno makubwa, na gunia mgongoni. Mmoja alimpa na upanga.

Nikaziangalia zile picha mezani kwangu moja moja. Hakuna hata mmoja aliyemchora mtu anayeingia nyumbani kwao. Na nyumba zenyewe nilizijua, kwa sababu nami nilikuwa nakaa Karama. Fleti ya vyumba viwili wanakaa watu wa familia mbili, sebule imegawanywa kwa mbao, na nyuma ya mbao yupo mpangaji, na mpangaji ana rafiki anayekuja Ijumaa. Kila mmoja wao mtoto anaambiwa amwite ami au anko. Yule anayemchukua kwenye basi ni anko. Anayemfundisha hesabu ni anko. Tumewafundisha watoto wamwogope mtu mwenye gunia, na Dubai sijapata kumwona mtu na gunia.

Kisha kikaja kijitabu kipya, nacho kilikuwa bora zaidi. Kilisema mtoto afundishwe kwamba sehemu zote zinazofunikwa na nguo ya kuogelea ni zake peke yake. Nikaona limekaa vizuri, rahisi, halina maneno mazito. Nikaenda darasani nikalieleza. Binti mmoja wa darasa la kwanza akanyosha mkono. Yeye nguo yake ya kuogelea ilikuwa ile ya kufunika kuanzia kichwani hadi kwenye vifundo vya miguu. Akauliza, "Miss, kwa hiyo daktari asiniguse hata masikio?" Na mvulana pembeni yake, ambaye ana kaptula tu, akauliza kwa nini kifua cha yule ni cha siri na cha kwake si cha siri. Sista Annamma alikuwa amesimama mlangoni. Alijifanya anakohoa, akatoka nje.

Siku hiyo ndipo nilipokubali kwamba hakuna njia ya mkato. Inabidi uzitaje sehemu kwa majina yake, mbele ya watoto, kwa sauti ile ile unayotajia kiwiko. Madamu mkuu wa shule alisikiliza, akavua miwani, akasema hana ubaya nalo lakini anawaogopa wazazi. Tukaanza kidogo kidogo, darasa moja moja, wazazi wakisaini kwanza. Kwa watoto wengine mambo yalikwenda vizuri. Kigumu kilikuwa kwa Waswahili wangu. Mama zao waliniambia kwa heshima zote, "Da Tatu, hayo si ya watoto. Hayo yana mwenyewe."

Huyo mwenyewe alikuwa Bi Ruzuna.

Bi Ruzuna alikuwa Mzanzibari, familia yao imekaa Dubai tangu yeye ni msichana, na nyumba yake ilikuwa Rashidiya, ya uwani, na mlango wa nyuma wa wanawake. Alikuwa kungwi. Wanangu mnaotoka bara, kungwi ni mwanamke anayemfunda mwali: anamweleza mwili wake, usafi wake, mume na ndoa, bila kuficha kitu. Hakuna harusi ya Waswahili wa pale iliyokwenda bila yeye. Nilimwendea Jumamosi moja na kilo mbili za halua, na shikamoo yangu niliitoa tangu kwenye kizingiti.

"Marahaba mwanangu, karibu. Halua yaniambia kuwa una shida," alisema.

Nikamweleza. Akanisikiliza akiwa anachambua mchele. Nilipomaliza akasema, "Wataka niwafunde watoto wa miaka sita? Mwali hufundwa akishavunja ungo. Na mambo yenyewe ya kitandani, ati! Wataka kunivua nguo mbele ya watu?"

"Sitaki ya kitandani, bibi. Nataka ajue tu jina la kitu chake, na kwamba ni chake."

"Basi wafundishe wewe, una cheti."

"Mama zao hawanisikilizi. Wananiambia wewe ndiye mwenyewe."

Hilo lilimpendeza, sitaki kusema uongo. Lakini hakukubali. Alichokihofia zaidi hakikuwa mwili, kilikuwa adabu. Watoto wetu wa pale walilelewa hivi: mkubwa akiingia, unasimama, unaamkia, unabusu mkono, akikuita mapajani unakwenda, akitaka busu unampa. Ukikataa, mama anakutolea macho, na wageni wakiondoka utakiona. Huko ugenini tulikuwa wakali mara mbili kuliko nyumbani, kwa hofu kwamba watoto watageuka wazungu. Bi Ruzuna akaniuliza, "Ukimfundisha kumkatalia mkubwa, kesho atamkatalia na baba yake. Utamrudisha vipi?"

Nikanywa kahawa yangu, nikaaga.

Nilirudi Jumamosi iliyofuata, na nyingine, bila halua, maana nilishaona haisaidii. Mara ya nne ndiye aliyeanza mwenyewe. Alisema wiki ile alikuwa akimfunda bi harusi mmoja, na alipofika mahali fulani pa mafundisho, binti akaanza kulia. Bi Ruzuna akamtuliza, na yakamtoka: alipokuwa mdogo kuna mtu wa nyumbani aliyemchezea, na hajapata kumwambia mtu yeyote, kwa sababu hakujua hata aanzie neno gani.

"Na si wa kwanza," Bi Ruzuna alisema. Mikono yake ilikuwa imeacha mchele. "Miaka yote wananilia, n'nawafuta machozi, n'nasema khalas, yamepita. Wallahi nafika nimeshachelewa, Tatu. Nafika maji yameshamwagika."

Tulikaa siku ile hadi alasiri kutafuta namna. Aliyeipata kanuni ni yeye, siyo mimi, na sijaona kijitabu chenye kanuni bora kuliko hiyo. Alisema: salamu ni haki ya mkubwa, mwili ni wa mwenyewe. Mtoto ataamkia, atasimama, atasema shikamoo ya kusikika. Hapo adabu imekamilika. Mkono, shavu, paja, hivyo ni vyake, akitaka atampa mtu, asipotaka hatampa, na hakuna wa kumtolea macho. Na darsa lenyewe lisiitwe jina la kizungu. Liitwe darsa la amana, kwa kuwa mwili ni amana aliyopewa mtoto na Mungu, na amana hailiwi na mwingine.

Mama walewale walioniambia hayo si ya watoto wakaleta watoto wao Rashidiya kila Jumamosi asubuhi, Waislamu na Wakristo, wasichana na wavulana, na vitumbua vya kutosha jeshi. Kuhusu wavulana Bi Ruzuna aliguna kidogo. Nikamwambia mwili wanao. Akasema, "Haya, waje, ila wakae upande wa dirishani."

Tulitumia mdoli niliyemshona kwa mabaki ya kanga. Tulitaja kila kitu kuanzia nywele hadi kucha za miguu, na zile sehemu za kati tulizitaja bila kupunguza mwendo. Mara ya kwanza walicheka hadi kulala chini. Mara ya tatu mmoja alipiga mwayo, nikajua sasa wamejifunza. Tulizungumza habari za siri: ya zawadi ya mama ina siku ya kufunguliwa, lakini ile unayoambiwa usimwambie mtu milele, hiyo haitunzwi hata dakika. Kila mtoto alichagua watu wake wa kuwaambia, na tukamwonya kwamba wa kwanza asipomsikiliza, aende kwa wa pili.

Kuna jambo moja msilifanye, nalo ni kuwaambia watoto "kimbia" bila kusema wapi. Wanaishi chumba kimoja ghorofa ya nne! Mama mmoja wa Kikenya ndiye aliyetushtua. "Sista, si useme ukweli, atakimbilia wapi na sisi tuko partition? Mlango wenyewe ni pazia." Basi tukamwuliza kila mtoto nyumbani kwao mlango gani una komeo kwa ndani. Karibu wote jibu lilikuwa moja: choo. Tukafanya mazoezi ya kufunga komeo kwenye choo cha Bi Ruzuna, mmoja baada ya mwingine, hadi likalegea, na mwanawe akalalamika.

Miongoni mwa watoto hao alikuwepo mmoja wa miaka saba, nimwite Nasra. Alikuwa anasoma pale pale shuleni kwangu. Baba yake alikuwa akifanya kazi ghala la kampuni moja kule Freezone, eneo huru la biashara la uwanja wa ndege, zamu hadi usiku, na mama yake alikuwa akisuka kwenye saluni Karama. Walikuwa na chumba kimoja. Nyuma ya mbao sebuleni alikaa mtu wa mji mmoja na baba yake, nimwite Sudi. Sudi ndiye aliyewapokea walipofika, ndiye aliyewatafutia chumba, na ndiye aliyekuwa anashuka kumpokea Nasra kwenye basi na kumsaidia hesabu mpaka mama arudi. Alikuja hata Rashidiya kumchukua siku moja. Aliniamkia vizuri sana, akanisifu kwa kazi ninayoifanya. Nilimpenda, nikampa vitumbua.

Nawaambia hilo ili mjue kwamba hawana alama usoni.

Siku yenyewe ilikuwa Jumatatu, baada ya mapumziko. Nasra alikuja kliniki peke yake akasema anataka plasta. Nikamwuliza ya wapi. Akaangalia mikono yake, akaangalia magoti, hakuona jeraha. Akanyosha kidole cha shahada. Nikachukua pamba.

Nikaisafisha ile ngozi nzima kwa uangalifu kama ina kidonda cha ukweli. Nikakata plasta, nikasema haijakaa sawa, nikakata nyingine. Wakati nakata ya tatu akasema, "Sista, kuna siri imenichosha."

"Mm," nikasema.

"Ami Sudi anataka nikae mapajani kwake. Nilimpa shikamoo tu. Akasema sina adabu." Akaikazia plasta macho. "Jana akasema tucheze mchezo wa siri, nisimwambie mama. Alitaka kunigusa pale kwa kati. Nikasema ni amana. Nikaenda chooni nikafunga komeo. Akagonga, akagonga, akasema ananitania. Sikufungua. Mama aliporudi nikasema tumbo linauma."

"Mbona hukumwambia mama?"

"Mama atalia. Yeye ni wa kwanza wangu, lakini nimeanza na wewe, wa pili."

Mikono iliendelea yenyewe na plasta. Nilimwambia maneno tuliyofundishana, na nawaomba myakariri hata mkisahau yote mengine: nimekuamini, umefanya vizuri kuniambia, na kosa si lako. Sikumwuliza zaidi. Maswali yana watu wake waliosomea, na ukimchokonoa mtoto unawaharibia kazi. Nikamkabidhi kwa Sista Annamma wakunje bandeji pamoja, nikaenda kwa Madamu. Yule mama niliyekuwa namwona mwoga alisikiliza akiwa amesimama, akasema kwa Kiingereza, "Mwite mama yake. Mimi napiga simu polisi." Miaka ile sheria ya watoto ilikuwa imeshatutaka watu wa shule tusikae kimya, lakini nilivyomwona uso, angepiga hata bila sheria.

Mama Nasra alifika na aproni ya saluni, mikono inanukia dawa ya nywele. Nilimweleza pembeni. Aliegemea ukuta.

"Da Tatu, una hakika? Ami Sudi? Yeye ndiye aliyetupokea sisi." Halafu, kabla sijajibu, akasema kwa kunong'ona, "Na polisi wakija watauona ule ubao wa sebuleni. Si halali, unajua si halali. Watatutoa wote. Baba Nasra visa yake itaharibika, tutarudi na nini?"

Nilimwelewa, na hofu yake ilikuwa ya kweli, nyumba za namna ile zilikuwa zikifungwa kila leo. Lakini nyuma yake mlango ulikuwa wazi, na Nasra alikuwa ameshika bandeji nusu imekunjwa, anamtazama mama yake. Mtoto alikuwa amefanya kila kitu tulichomfundisha. Amekataa, ameondoka, amefunga, amesema. Kilichobaki hakikuwa mikononi mwake. Kama mama yake angesema neno moja la kumtilia shaka, au la ubao, basi asingesema tena kwa mtu, na Sudi angekuwepo nyumbani jioni ile na kesho yake.

"Mama Nasra," nikamwambia, "ya ubao tutayasema baadaye. Geuka kwanza."

Akageuka. Akamwona. Alipiga magoti pale pale sakafuni na aproni yake, akasema, "Njoo mwanangu. Nimekuamini. Mama nimekuamini." Nasra akamwuliza, "Hulii?" Akasema, "Nalia, lakini si kwa sababu yako." Hapo bandeji ikaanguka ikafunguka yote chumbani, na Sista Annamma, ambaye hajui Kiswahili hata neno, akaingia kwenye stoo akapenga kamasi kwa sauti kubwa.

Baba Nasra alikuja na vazi lake la ghalani. Yeye hakuuliza una hakika. Aligeuza uso akaanza kutoka. Nikamwuliza wapi. "Namfuata. Namvunja." Kwa bahati Bi Ruzuna alikuwa ameshafika, maana nilimpigia simu, na mwanawe alimleta kwa gari. Alimzuia mlangoni kwa fimbo yake.

"Wenda wapi, baba? Ukimpiga utalala ndani wewe, na yeye atalala nyumbani kwako na mkeo na mwanao. Wataka hivyo? Keti. Nywa maji. Kisha yalla, twende kwa wenye kazi yao."

Akakaa, akanywa maji. Mtu mzima wa futi sita akilia na kikombe cha karatasi, sijapata kumsahau.

Kule polisi tulipokewa na ofisa mwanamke aliyevaa abaya ya kawaida, chumba kina zulia na vikaragosi. Aliongea Kiarabu, na Bi Ruzuna akawa mkalimani wa wazazi. Kabla hata hajaanza, Baba Nasra akashindwa kuvumilia. Akasimama wima akasema, "Mwambie madamu, nyumba yetu ina ubao. Simfichi. Kama ni kosa anifunge mimi, lakini mtoto amsikilize."

Bi Ruzuna akatafsiri. Ofisa akamtazama, akasema kitu kifupi. Bi Ruzuna akatugeukia, na kwa mara ya kwanza siku ile nikamwona akitabasamu.

"Asema hajauliza ubao. Auliza mtoto amekula?"

Hakuwa amekula. Wakamletea juisi ya embe na biskuti, na mwingine akaingia kuzungumza naye taratibu, mtu aliyesomea. Daktari alimwangalia pia. Tulikaa nje tukiangalia mlango. Daktari alipotoka alisema mtoto ni mzima, hakuguswa. Safari hii Bi Ruzuna hakufika amechelewa. Niliomba njia ya kwenda chooni, nikafunga komeo, nikalia kwa furaha hadi kanga ikalowa, na nilipotoka nikamkuta Bi Ruzuna anasubiri zamu yake.

Sudi alikamatwa kazini kwake siku ile ile. Kulikuwa na familia nyingine iliyopata ujasiri wa kusema baada yetu. Alihukumiwa, akafungwa, kisha akarudishwa kwao. Zaidi ya hapo sikufuatilia. Ubao kweli ulibomolewa, mwenye nyumba aliogopa, na Nasra na wazazi wake wakakaa kwa Bi Ruzuna mpaka walipopata chumba kimoja mtaa wa Discovery Gardens, kidogo, mbali na kazi za wote wawili, lakini mlango wake ni wa mbao kamili na ufunguo. Baba Nasra alinialika kwenda kuuona mlango. Aliufungua na kuufunga mbele yangu mara kadhaa.

Darsa likaendelea. Likaja kuwa na baba upande wa dirishani pamoja na wavulana, wa kwanza akiwa Baba Nasra, kimya mwanzoni, baadaye mkali kuliko Bi Ruzuna. Tulipata wazazi waliotuita wahuni, na tulipata mzee mmoja aliyekasirika sana mjukuu wake alipomnyima shavu, hadi alipoambiwa shikamoo yake ameipata tena kwa sauti, sasa analalamikia nini. Si kila mtoto tuliyemsikia alitufikia mapema kama Nasra. Hao nimewabeba, na nyie mtawabeba wenu. Ila msiwaache waliofika mapema wakasahaulika, maana nao ni kazi yetu, na ni wengi kuliko tunavyojua, kwa kuwa anayefunga komeo kwa wakati hana kidonda cha kutuonyesha.

Waliniaga Rashidiya, Jumamosi yangu ya mwisho. Biriani, kanga mbili, hotuba ndefu za watu wasiojua kuhutubia. Nasra alikuwa ameshakuwa binti mrefu, anakaribia kunifika begani. Watoto wakawa wanapita mmoja mmoja, nawakumbatia, nawabusu, nalia kidogo kwa kila mmoja. Zamu yake ilipofika nikafungua mikono.

Yeye akasimama hatua moja nyuma. "Shikamoo Sista," alisema, ya kusikika hadi uani. Kisha akanyosha mkono. "Leo sitaki kukumbatiwa. Nakupa mkono."

Mama yake akashtuka, mdomo ukafunguka, nikaona macho yanaanza kutoka kwa mazoea ya miaka yote. Halafu akaufunga mdomo. Baba Nasra akajishughulisha na sahani yake. Bi Ruzuna, kwenye kiti chake, akagonga fimbo chini mara moja.

"Marahaba mwanangu," nikamwambia.

Nikaupokea ule mkono kwa mikono yangu miwili. Nimekumbatiwa na watoto wengi katika kazi hii, na wote nawashukuru. Lakini kwenye ndege, nikiwa narudi nyumbani, ni huo mkono niliokuwa nimeukunja kwenye kiganja changu.